Farasi wawili kwenye bonde la episea: uchambuzi wa kazi moja ya kutoa magogo Ardennes

Mashine ya kubebea magogo ilizama saa nne asubuhi. Ilipofika saa nane mchana, maji ya kijito yalikuwa yamegeuka rangi ya chai ya maziwa, na bwana misitu alikuwa amesimama ukingoni, mikono mfukoni, hasemi neno. Mashine ilikuwa na magurudumu manane, matairi ya nyuma yamevishwa minyororo ya chuma, na dereva wake ni mtu wa kazi hiyo miaka mingi. Pamoja na hayo yote, tumbo lake lilikuwa limelala kwenye tope, na kila akijaribu kutoka anazidi kuchimba. Ilivutwa jioni kwa winchi kutoka barabarani. Nyuma yake ilibaki mifereji miwili ya kunifika magotini, ikielekea moja kwa moja kijitoni.

Kisa hiki ni cha bonde dogo katika mkoa wa Luxembourg, kusini mwa Ubelgiji, kwenye vilima vya Ardennes. Nilikuwa mmoja wa wakata miti. Nimekulia Mufindi, Tanzania, jirani na mashamba ya miti ya Sao Hill, kwa hiyo gari kuzama msituni si jambo geni kwangu. Kilichokuwa kigeni ni kilichofuata: kazi ilisimamishwa, na baada ya wiki tatu walikuja farasi wawili. Nimeandika kwa sababu watu wengi niliowasimulia walidhani ni mapenzi ya mambo ya kale, au maonyesho ya watalii. Sivyo. Ile ilikuwa hesabu, na hesabu yenyewe nadhani inawafaa hata watu wa nyumbani wanaovuna miti mabondeni.

Kwanza, ile miti ilifikaje pale. Mwaka 1847 Ubelgiji ilitunga sheria ya kuzitumia ardhi zilizoonekana kuwa hazilimwi, na Ardennes ilikuwa na ardhi nyingi za namna hiyo: malisho ya wanakijiji, nyasi ngumu, mabonde ya maji. Sehemu kubwa ikapandwa episea, jamaa wa msonobari mwenye majani mafupi makali, ambaye kwa asili si mti wa vilima hivyo. Mabondeni ilichimbwa mitaro ya kukausha ardhi, miti ikapandwa mpaka kwenye kingo za vijito. Episea hukua haraka na mbao zake zinauzika, hivyo kwa muda mrefu hakuna aliyelalamika. Lakini chini yake ni giza mwaka mzima, majani yake yanaongeza uchachu wa udongo, na mizizi yake hutambaa juu juu, haishiki ukingo kama inavyoushika mizizi ya mti uitwao alini, ambao ndio mwenyeji wa kando ya maji kule.

Kanuni ya Misitu ya Wallonia, jimbo la kusini mwa Ubelgiji, ya mwaka 2008 ilikataza kupanda upya miti ya jamii hiyo ndani ya mita 12 kutoka kwenye kijito, na mita 25 pale udongo unapokuwa wa majimaji. Halafu ukaja ukame wa 2018, ukafuatiwa na miaka mingine mikavu, na wadudu wa magome wakaishambulia episea iliyodhoofika kwa kiu. Bonde letu lilikuwa na vyote viwili: miti isiyotakiwa tena mahali pale kisheria, na sehemu yake imekufa ikiwa imesimama, magome yakidondoka kama ngozi ya mtu aliyeungua jua. Ilibidi itoke. Swali lilikuwa itoke kwa njia gani.

Na hapa ndipo panapohitaji kuelezwa kwa nini rangi ya maji ilimnyamazisha bwana misitu. Kwenye baadhi ya vijito vya Ardennes anaishi bado kome wa lulu wa maji baridi. Ni mnyama wa ajabu. Anaweza kuishi miongo mingi, huko kaskazini ya Ulaya hata kupita miaka 100. Watoto wake huanza maisha wakiwa wameng'ang'ania kwenye matamvua ya samaki aitwaye trauti, kisha wanaachia na kujizika kwenye changarawe ya kitanda cha kijito kwa miaka kadhaa. Changarawe hiyo ikizibwa na tope laini, hewa haipiti na watoto wanakufa. Wazazi wanabaki hai, wakubwa, wazee, na mtu akichungulia majini anasema kome wapo. Wapo kweli, ila hawana warithi. Tope la siku moja kama ile linashuka na maji na kwenda kutulia mbali, mahali ambapo aliyelitibua hataliona.

Sasa, tusimlaumu dereva, maana kosa lilianza kwenye karatasi. Katika misitu ya umma kule, miti huuzwa ikiwa imesimama, aghalabu kwa mnada, na mnunuzi ndiye anayetafuta wa kukata na wa kutoa. Mnunuzi anamlipa mtoaji kwa mita ya ujazo inayofika kando ya barabara. Mkataba wa bonde letu ulisema magogo yatoke bila kuharibu udongo, maneno ambayo kila mtu anayatia saini. Haukusema mashine iishie wapi, wala ifanyike nini mvua ikinyesha wiki mbili mfululizo. Mtu anayelipwa kwa ujazo, na mashine yake ikilala siku moja deni la benki haliishi, ataingia tu. Ningekuwa mimi ningeingia.

Mashine ya aina ile ikiwa tupu ni tani 15 na zaidi. Ikijaa magogo inapita tani 25. Kwenye udongo mkavu wa mlimani hiyo si hoja. Kwenye udongo wa bonde uliojaa maji, magurudumu yanaminya nafasi zote ambamo hewa na maji hupita, na udongo ulioshindiliwa hivyo huchukua miongo kurudi hali yake, mara nyingine zaidi ya umri wa aliyeushindilia. Ndiyo maana misitu mingi ya Ulaya siku hizi ina njia maalumu za mashine, na mashine hairuhusiwi kutoka nje ya hizo. Chukua njia za upana wa mita 4, zikipishana kila mita 20 kutoka katikati hadi katikati: tayari umetoa kafara asilimia 20 ya msitu iwe barabara. Ukiziweka kila mita 40, kafara inashuka hadi asilimia 10. Lakini mkono wa mashine ya kuvuna unafika kama mita 10 tu. Miti ya katikati nani atailetea njia?

Jibu la swali hilo ndiyo kazi ya farasi katika msitu wa leo. Watu wakisikia farasi wanafikiri ameletwa achukue nafasi ya mashine, wanaanza kushindanisha kasi, na farasi anashindwa kabla hajafungwa lijamu. Farasi anafanya ule mwendo wa mwanzo tu, kutoka kwenye kisiki hadi kwenye njia imara, mita 30, 50, pengine 80. Kuanzia hapo trekta yenye winchi au mashine ya kubebea inachukua. Kinachookolewa ni ile barabara ambayo hukulazimika kuifungua.

Mwenye farasi alikuwa mzee wa makamo ya kustaafu, mwembamba, sauti ya chini. Alileta wawili wa kabila la Ardennes lenyewe: jike mwekundu aitwaye Fanny na dume aliyehasiwa aitwaye Gamin, kila mmoja karibu kilo 800, miguu mifupi minene yenye manyoya kwenye vifundo, kifua kama pipa. Kabla ya kushusha chochote alilitembea bonde zima kwa miguu, na fimbo akiichoma ardhini kila baada ya hatua chache. Aliporudi alituuliza swali moja: nani aliyekata miti hii?

Tulikuwa sisi. Na tulikuwa tumeikata kwa ajili ya mashine, yaani kila mmoja umelala ulipoangukia, kwa kuwa mkono wa chuma unaokota popote. Kwa farasi huo ulikuwa msiba. Gogo likilala kwa pembe inayoelekea njia, mithili ya mifupa ya samaki kwenye uti wake, farasi analiondoa kwa mstari mmoja ulionyooka. Gogo likilala kinyume, lazima aligeuze kwanza, na kuligeuza katikati ya visiki ndiko kunakoua nguvu zake na kukwangua magome ya miti inayobaki. Tena vile vijiti vya matawi tulivyoviacha, vya urefu wa kidole, tuliona si kitu. Mzee alipitisha kiganja juu ya gogo, akatuonyesha: kila kijiti ni jembe. Gogo likiburutwa vinalima udongo, na farasi analipia kila mfereji kwa pumzi yake.

Siku mbili za kwanza hazikutoa gogo hata moja. Tulirudia matawi yote, tukashusha visiki vilivyokuwa virefu, tukafungua mistari. Mnunuzi alikuja, akatazama saa yake, akaondoka. Ukiniuliza leo ni siku zipi zilizoamua mafanikio ya kazi ile, nitasema ni hizo mbili.

Siku ya tatu nilipewa kumvisha Fanny. Kitu kikuu ni kola, ule mviringo mzito wa ngozi uliojazwa majani makavu na kuzungushiwa mbao mbili, unaokaa shingoni na kuegemea mabega. Farasi havuti, anasukuma kola kwa mabega. Ikimbana anakabwa, ikilegea inasugua, na ndani ya nusu siku una kidonda kitakachomlaza wiki. Mzee alinifanya niingize kiganja changu bapa kati ya kola na koo: kinapita bila kulazimisha, basi. Kutoka kwenye kola inashuka minyororo miwili, moja kila ubavu, hadi kwenye mti mfupi mgumu unaoning'inia nyuma ya miguu yake. Katikati ya mti huo kuna kulabu, na kwenye kulabu unafungwa mnyororo wa gogo. Unaufunga karibu na ncha nene, mfupi kadiri inavyowezekana, ili gogo likianza kwenda ncha inyanyuke kidogo na isichimbe.

Na hatamu? Nilitegemea mbili. Ilikuwa kamba moja tu, upande wa kushoto. Ukivuta taratibu bila kuachia, anakwenda kushoto. Ukiipiga vimshtuko vidogo, anakwenda kulia. Mengine yote ni maneno: hue kwa kulia, dia kwa kushoto, ho kwa kusimama, na lile la kusimama ndilo lenye thamani kuliko yote, maana kuna siku litaokoa mguu wa mtu. Kamba hiyo haizungushwi mkononi kamwe. Na anayeongoza hatembei nyuma ya gogo, wala hatembei upande wa chini wa mteremko, wala hasimami kati ya gogo na mti. Hutembea pembeni, juu, hatua mbili nyuma ya makalio ya farasi, macho yakiwa mbele kutafuta kisiki.

Nitaeleza mvuto mmoja, kwa sababu huo ndio ulionifanya niheshimu kazi hii. Gogo lilikuwa la nusu mita ya ujazo, bichi, yaani kama kilo 400. Kuliburuta juu ya ardhi ya msitu kunataka nguvu inayokaribia nusu ya uzito wake, tuseme sawa na kunyanyua kilo 200. Farasi wa kilo 800 anaweza kufanya kazi siku nzima kwa nguvu ya kama sehemu moja ya kumi ya uzito wake, yaani kilo 80. Kwa hiyo alikuwa anaombwa zaidi ya mara mbili ya kile anachoweza kukitoa bila kuchoka. Anaweza, lakini kwa muda mfupi. Mzee alisema neno moja kwa sauti ya kawaida kabisa. Fanny alishusha kichwa, akaegemea kola bila kushtua, akashikilia hivyo mpaka mnyororo ukakaza, kisha nikaona nyama za mapaja yake zikijikunja na gogo likajing'oa kwenye tope kwa sauti kama ya buti linalonasuka. Akaenda mita 40, akasimama mwenyewe. Hakuambiwa. Mbavu zilipanda na kushuka, mvuke ukimtoka mgongoni, na mzee akasubiri, mkono juu ya shingo yake, mpaka pumzi ikatulia. Ndipo wakaendelea.

Mashine haisimami yenyewe ardhi inapokataa. Fanny alisimama mara kadhaa pia kwa sababu nyingine: alipofika mahali pa majimaji alipima kwa kwato ya mbele, akairudisha. Mara zote tatu nilizohesabu alikuwa sahihi. Tuliweka matawi ya episea pale, akapita juu yake.

Haikuwa yote mazuri. Siku ya tano Gamin alikuwa anavuta gogo jembamba kwa kasi, na mimi ndiye niliyekuwa nimekata kile kisiki, kirefu kwa sentimita 20 kuliko inavyotakiwa, nikakiacha kwa uchovu. Ncha ya gogo ikakinasa. Farasi mwenye kilo 800 akasimamishwa ghafla. Ule mti wa nyuma ukakatika na kipande kikaruka kikampiga mguu wa nyuma. Alipiga mateke, mzee akasema ho, na Gamin akasimama akitetemeka. Lau asingesimama, minyororo ingemzunguka miguu. Alikuwa na mchubuko, akapumzishwa siku mbili, na siku hizo mbili Fanny hakuongezewa kazi ya mwenzake. Nilikwenda kukikata kile kisiki usawa wa ardhi. Hakuna aliyeniambia kitu.

Na kulikuwa na magogo ambayo farasi hawakuyagusa. Yale ya chini ya shina, mazito kupita kiasi, mzee aliyakataa hata kabla ya kujaribu. Hayo tuliyavuta kwa winchi ya trekta iliyokaa barabarani, kwa kamba ndefu, na farasi ndiye aliyeipeleka kamba ile ya chuma hadi kwenye gogo, kazi ambayo mtu peke yake ingemvunja mgongo. Wanaotaka farasi afanye kila kitu wanamwua. Nimeona aibu ya namna hiyo kwa punda wa mikokoteni huko kwetu, na sitaki kuiona kwa mnyama mwingine.

Kuhusu udongo, inafaa kusema kweli, kwani wapenzi wa farasi husema uongo hapa bila kujua. Kwato ni ndogo, na uzito wote uko juu yake. Ukipima mgandamizo wa kila sentimita ya mraba, kwato ya farasi anayevuta inaweza kugandamiza kuliko tairi pana la mashine. Tofauti iko kwingine. Kwato inakanyaga hapa na pale, ikiacha vishimo vilivyotengana, na katikati yake udongo uko hai na mizizi haijakatwa. Tairi linaacha mstari usiokatika, na mstari usiokatika kwenye mteremko ni mfereji. Maji hayahitaji kualikwa mara mbili. Tena uzito wa mashine unafika chini sana, kule ambako baridi na mvua na minyoo haviwezi kulegeza upesi. Alama za farasi ziko juu.

Fedha, basi. Siku nzuri farasi wawili walileta mita za ujazo 15 njiani, siku mbaya 8. Mashine ikiwa kwenye ardhi yake nzuri inatoa hizo kabla ya saa sita. Kwa hiyo kila mita ya ujazo iligharimu zaidi, hilo halina ubishi, na mnunuzi alilalamika kwa haki. Lakini bei ile ya mita ya ujazo haikuwa na ndani yake winchi ya kuivuta mashine iliyozama, wala siku tatu za eskaveta ya kuziba mifereji, wala magogo yaliyokaa wiki tatu yakisubiri huku wadudu na ukungu wa buluu ukiingia kwenye mbao na kushusha daraja. Wala haikuwa na kome. Hizo zote zililipwa na watu wengine, kwenye madaftari mengine. Mzee mwenyewe alikataa kulipwa kwa ujazo. Alilipwa kwa siku. Alisema farasi anayelipwa kwa ujazo hufa mapema, na sikuona haja ya kuuliza zaidi.

Nyumbani farasi wazito hatuna, na sababu zake si uvivu: ndorobo huwaua kwa nagana, na ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na usubi, huwamaliza waliobaki. Lakini maksai tunao. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine walifanya utafiti wa kuburuta magogo kwa maksai katika mashamba ya miti ya Tanzania, na kila nikikumbuka vijana wa Mufindi wakiviringisha magogo ya msonobari kwa mabega kutoka bondeni, kwa sababu trekta haifiki, naona ile kola, ule mti wa nyuma, na ile mistari ya mifupa ya samaki. Nira ya ng'ombe ni kitu kingine na kola ni kitu kingine, lakini namna ya kuangusha mti, urefu wa kisiki, vijiti vya matawi, mita 50 badala ya 300, hayo hayajali mnyama gani anavuta.

Vuli iliyofuata kulikuwa na sehemu ya pili ya bonde lile lile, juu kidogo. Safari hii farasi waliandikwa kwenye masharti ya mnada kabla mti haujauzwa, pamoja na mahali hasa mashine inapoishia, mstari uliochorwa kwenye ramani. Mzee aliitwa mwezi mmoja kabla yetu. Tulipofika na misumeno, kila mti wa kukatwa ulikuwa na mshale wa rangi ya chungwa shinani, ukionyesha upande wa kuangukia, na chini ya kila mshale kistari kifupi, karibu kabisa na ardhi, kuonyesha kisiki kiishie wapi.